Blanketi la Kukhu Abigail

Kwanza niwajibu ninyi mlionipigia simu wiki nzima mkiuliza kama nimefungwa. Siku ninayowasimulia leo nilikuwa bado natembea na miguu yangu, ingawa nusu ya Kakamega ilikuwa imeshanifunga kwa mdomo.

Na wewe uliyeliokota gazeti hili kwa kinyozi na hujui tunazungumza nini, sogea. Naitwa Jescah. Nina kibanda karibu na soko, nashona vitabu vya watu vilivyochakaa. Kukhu Abigail wa Malava, bibi wa kanisa letu, alinipa nimshonee Kitabu cha Nyimbo cha kwanza kabisa kuchapishwa kwa lugha yetu. Wamisionari walikichapa kwa mashine ya mkono, zaidi ya miaka mia iliyopita. Duniani vimebaki viwili. Kimoja kiko Ulaya kwenye kabati la kioo, na kingine kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Kukhu, maana ukoo wa mume wake ndio uliopewa na kanisa kazi ya kukitunza.

Nilikishona, nikakifunga kwa kitambaa cheupe, nikakirudisha mkononi mwake. Miezi michache baadaye wazee wa kanisa walipokuja kukichukua kwa ajili ya sherehe ya miaka mia ya kanisa letu, walifungua kile kitambaa wakakuta kitabu cha jiografia cha darasa la sita. Kukhu akawaambia hajawahi kukifungua kitambaa tangu nimletee. Basi mwizi nikawa mimi.

Hapo ndipo paliponichoma, kwa sababu Kukhu alikifungua. Aliketi kitandani akakifungua mbele yangu, akaniimbia wimbo mzima mpaka machozi yakamtoka. Niliwaeleza wazee hivyo. Kukhu akasema hakumbuki. Nikajiambia ni uzee, nikamsamehe.

Sajini Kiprop alinipa mpaka Jumapili, siku yenyewe ya sherehe. Kitabu kisipoonekana, naingia ndani. Na wiki jana niliwaacha nikiwa nimebisha mlango wa chumba cha gesti, kwa mtu aliyesemekana ametoka Nairobi kununua kitabu hicho hicho.

Mlango ulifunguliwa.

Alijitambulisha kama Bwana Isaiah Ochieng, akaniuliza nimetumwa na nani. Nilikuwa nimepanga uongo mzuri njia nzima, lakini nilipomwona uso kwa uso uongo wote ulinitoka. Nikamwambia mimi ndiye niliyekishona kile kitabu.

Alifurahi ajabu. Akanivutia kiti, akaagiza chai. Kumbe jambo lililokuwa likimkosesha usingizi ni mshonaji. Katika biashara yao, kitabu cha kale kikipita kwa mshonaji mbaya kimekufa. Akaniuliza kama nilizipunguza kingo za kurasa ziwe sawa. Nikasema sikukata hata unywele. Akauliza kuhusu jalada. Nikasema ni lile lile la ngozi walilolivisha wamisionari. Akashusha pumzi, akanisukumia sahani ya mandazi.

Nilimwonea huruma kidogo, nusura nisahau kwamba ndiye anayetaka kukipeleka kitabu chetu ng'ambo kisirudi tena.

Nikamwambia ajihadhari, siku hizi watu wanatengeneza vitabu bandia na kuvipaka majani ya chai vionekane vya kale. Rangi ikamtoka. Nikamwambia namna ya kujua ni moja tu: mimi uzi mweupe ulikuwa umeniishia, nikamalizia kushona kwa uzi wa kijani, na uzi huo unaonekana katikati ya kitabu kikifunguliwa. Anionyeshe kitabu nihakikishe.

Hakuwa nacho. Muuzaji angemletea Jumatatu, sherehe ikiisha. Alikuwa na picha tu kwenye simu. Nikauliza muuzaji ni nani, akatabasamu, akasema kazi yao haina majina.

Basi nikajifanya macho yangu ni mabovu. Nikamwomba anitumie picha kwa simu yangu niikuze. Akaituma mara moja, mtu wa watu.

Kitabu kilikuwa kimefunguliwa katikati, na uzi wa kijani ulionekana vizuri kabisa. Nilikunywa ile chai yote bila kuisikia ladha yake, kisha nikaaga kwa heshima nikaenda moja kwa moja kituoni.

Sasa ngojeni niwaambie jinsi mdomo wangu unavyonitafutia balaa.

Sajini Kiprop aliishika simu yangu akaitazama picha kwa muda mrefu. Akaniuliza kama najua ilipigiwa wapi. Na mimi, kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi, nikamwambia huoni, hicho kitabu kimewekwa juu ya blanketi la Kukhu Abigail, lile la zambarau lenye picha ya tausi. Na ule ukuta wa buluu nyuma ni wa chumba chake cha kulala.

Akaiweka simu mezani taratibu.

"Chumba cha kulala cha Kukhu," akasema. "Nani huingianga humo?"

"Mimi. Na Khalayi, binti yake."

"Khalayi ameolewa Butere. Siku zote hizo alikuwa kwake, tumeuliza majirani. Amebaki nani?"

Nilikuwa nimejifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe, na nimeileta kamba hadi kwenye kaunta ya polisi.

Nikataja jina ambalo lilikuwa kichwani mwangu tangu mwanzo. Nikasema Chrispinus Andati, mume wa Khalayi. Huyo ni mtu wa vitabu vya kale, anavinunua kwa wajane vijijini na kuviuza kwa matajiri. Thamani ya kitabu kile anaijua kunishinda. Kwa nini hakuna anayemuuliza?

Sajini alicheka, kicheko cha kunihurumia.

"Mama Jescah, mkwe aingie chumba cha kulala cha mama mkwe? Hata kwetu Kapsabet mtu hawezi. Na wewe ni Mluhya, unaniambia hivyo bila haya?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kwetu mkwe na mama mkwe ni haya tupu. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja hukata kona akapitia shambani. Chrispinus akija Malava alikuwa akikaa kiti cha mbali kabisa uani, ameupa mgongo mlango wa nyumba, na salamu anaituma kwa sauti. Mtu wa namna hiyo ukisema ameinama chini ya kitanda cha mama mkwe wake, watu watakuuliza umekunywa nini.

Sajini alinirudishia simu. Alisema amenipa mpaka Jumapili na neno lake halivunji, ila nisitoke nje ya kaunti. Nikaondoka nikiwa na hali mbaya kuliko nilivyoingia.

Nilikuwa nimefika kibandani, nimekaa kwenye stuli yangu nikiwa na hasira za kupiga mtu, ndipo kitu kikanigonga kichwani. Siku nilipomrudishia Kukhu kitabu, aliketi kitandani akaimba. Alikuwa amekalia nini? Blanketi la kijivu. Lile kuukuu lenye tundu la moto pembeni, ambalo nilimwambia kwa utani alitupe, naye akaniambia nimnunulie jipya kama nina mdomo hivyo.

Blanketi la tausi halikuwepo siku ile.

Nililiona baadaye, kitabu kikiwa kimeshapotea, nilipokwenda kumlilia Kukhu anitetee. Alikuwa amejifunika nalo. Nikalisifu, mpumbavu mimi. Nikamwambia Kukhu umependeza, na sikuuliza limetoka wapi.

Kwa hiyo kitabu kilipigwa picha baada ya mimi kukirudisha, blanketi lilipokwisha kuja. Nikipata aliyelileta, nimempata aliyekuwa chumbani. Lakini shahidi wa hayo yote ni mimi mshukiwa, na neno la mshukiwa mnajua uzito wake. Nikafunga kibanda, nikachukua bodaboda mpaka Malava.

Nilimkuta Kukhu uani akiota jua, blanketi la tausi magotini, kikohozi kikimsumbua. Tukasalimiana mulembe, mulembe muno, akanishika mkono asiuachie upesi. Khalayi alikuwa jikoni. Alikuja siku chache kumuuguza mama yake, na mume wake alikuwa njiani kumchukua.

Niliingia jikoni kumsaidia. Nilianza kwa mbali, kwa habari za ingokho, yule kuku aliyekuwa anamchemsha, nikaona amejishika kiuno anapoinuka. Nikamtazama usoni. Akacheka, akaziba mdomo, akaninong'oneza kwamba baada ya miaka yote ile Mungu amemkumbuka. Kuna daktari Eldoret aliyemtibu. Chrispinus ndiye aliyehangaika mpaka matibabu yakapatikana, na alipomuuliza amepata wapi uwezo alimwambia asijali.

Nilimkumbatia. Nilifurahi kweli, msinione mtu mbaya. Khalayi ametukanwa na wifi zake mpaka akakonda, na siku moja alilala kibandani kwangu juu ya magazeti kwa sababu hakutaka kurudi Butere.

Nikiwa bado nimemkumbatia nikamuuliza lile blanketi zuri la mama lilitoka wapi. Akajibu bila kufikiri kwamba alilikuta hapo, mama alimwambia akina mama wa kanisa ndio waliolileta.

Mimi ni mmoja wa akina mama wa kanisa. Hatukumpelekea mtu blanketi.

Nilitoka nje nikiwa nimebeba beseni na birika la kunawia. Chrispinus alikuwa amefika. Alikuwa kwenye kiti chake cha mbali, mgongo umeelekea nyumba, kama desturi. Alituma salamu kwa sauti, Kukhu akaitikia akitazama chini. Kila kitu mahali pake. Nikaanza kujiuliza kama kichwa changu ndicho kibovu.

Kisha kikohozi kikamkaba Kukhu. Kilikuwa kikohozi kibaya, cha kumkunja mtu mpaka kifua kiguse magoti. Blanketi likateleza likaanguka. Mimi mikono yangu ilikuwa imejaa maji na beseni. Khalayi alikuwa jikoni na hakusikia.

Chrispinus aliruka kutoka kwenye kiti chake. Akavuka uwanja, akaliokota blanketi, akamfunika Kukhu mabegani na kulikaza vizuri shingoni, mkono mwingine ukimpigapiga mgongo polepole. Na Kukhu, bila kushtuka, akamshika mkono huo na kuuegemea mpaka kikohozi kilipomwachia.

Halafu wote wawili wakakumbuka kwamba mimi nipo.

Chrispinus alirudi nyuma akitazama viatu vyake. Akasema ng'ombe wa jirani wanaingia kwenye mahindi, akaelekea shambani. Hakukuwa na ng'ombe.

Nililiweka beseni chini. Maji yalikuwa yamenilowesha sketi. Ninyi mnaotoka kwetu mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze. Ile haya ya mkwe na mama mkwe ina siku yake ya kuondolewa. Mkwe huja na blanketi jipya akamfunika mama mkwe. Mama mkwe naye humpa kitu cha thamani kutoka nyumbani mwake, kisha wanashikana mikono. Tangu hapo yule mwanamume ni mtoto wa nyumba ile, anaingia na kutoka. Ila jambo hilo hufanywa hadharani, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwa chakula na kelele, na Malava nzima ingejua.

Hawa waliondoleana haya kimya kimya. Blanketi nililiona. Nilichokuwa sijakijua ni kile alichorudishiwa, na sasa nilikijua.

Nilimwambia Kukhu twende ndani.

Alikaa kitandani pale pale alipokaa siku ile akaimba. Nilifunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, na mnajua nikianza siishii njiani, lakini sauti ilinitoka ndogo.

"Kukhu, kitabu hakikuibiwa."

Hakubisha. Alilivuta blanketi magotini akaanza kulikunja na kulikunjua. Akanieleza kwamba Chrispinus alikuja peke yake, akasimama mlangoni na blanketi limefungwa kwenye karatasi, akalia kama mtoto. Dada zake walikuwa wamemtafutia mke mwingine. Yeye mwingine hamtaki, anamtaka Khalayi, na daktari wa Eldoret yupo, ila hana pesa za kumpelekea. Kukhu akamwambia ingia. Akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Kile kitabu cha jiografia pia alikitoa yeye, kilikuwa cha Khalayi alipokuwa mwanafunzi, akakifunga kwenye kitambaa changu ili mtu asijue upesi. Chrispinus alipokwisha kukipiga picha palepale kitandani, mnunuzi akamtangulizia pesa za kumpeleka Khalayi kwa daktari, na kitabu chenyewe wakakubaliana kibaki kwa Chrispinus mpaka sherehe na kelele zake zipite.

"Kitabu ni cha kanisa, Kukhu. Hakikuwa chako kumpa mtu."

"Najua. Nimekilalia maisha yangu yote, sitajua?"

"Na ulisema hukukifungua kitambaa. Uliniimbia wimbo mzima humu ndani."

"Nakumbuka," akasema. "Nakumbuka mpaka ubeti ulioniliza."

Basi haukuwa uzee. Nikakaa kwenye sanduku la bati, tupu.

"Kwa nini mimi, Kukhu? Kati ya watu wote?"

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Hakuwa na ukali wala haya. Alikuwa mtu aliyelifikiria jambo kwa muda mrefu na kuona ni sawa.

"Wewe huna mume, Jescah. Huna mtoto wa kuitwa mtoto wa mwizi. Nilitazama kila mtu aliyekigusa kile kitabu, nikaona aibu ikikaa kwako itaishia kwako."

Mmeshawahi kupimwa na mtu mnayempenda, mkaonekana ndio wepesi wa kutupwa? Mimi yule mama nilikuwa nikimletea dawa. Nilikuwa nikimkata kucha. Nilitaka kumjibu neno ambalo lingemkaa kooni mpaka kaburini.

"Na mimi ni mtoto wa nani, Kukhu?"

Akaniomba ninyamaze. Akasema wakinifunga haitakuwa kwa muda mrefu, kanisa litanisamehe, yeye mwenyewe ataniombea. Lakini Khalayi akijua jinsi mimba hii ilivyopatikana, na mume wake akichukuliwa na polisi mbele ya macho yake, itatoka. Yeye anamjua binti yake.

Niliondoka bila kuaga. Khalayi alinifuata mpaka njiani na sahani ya obusuma, ugali wetu, na ingokho, akiniuliza mama amenikosea nini. Nikamwambia sina njaa.

Jumapili ilifika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Wageni walitoka Butere, Shianda, wapi na wapi. Mbele waliweka meza yenye kitambaa cheupe na kitu kidogo cha mbao cha kuegemezea kitabu, na juu yake hapakuwa na kitu. Kila aliyeingia aliitazama meza ile kwanza, halafu akanitafuta mimi.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na picha ndani yake. Nilikuwa nimeshaamua. Sikulala kwa kuamua. Ningesimama niseme, tazameni blanketi hili, kisha tazameni alilojifunika Kukhu Abigail. Waulizeni akina mama kama ni wao waliolinunua. Watu wetu hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Nilimpenda Khalayi, ndiyo, lakini hata mimi nina shingo.

Kukhu aliletwa akishikiliwa mkono na Khalayi. Nikainua macho.

Alikuwa amejifunika blanketi la kijivu, lile la tundu la moto.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikatazama tena. La tausi halikuwepo, na nilijua sitaliona tena, popote walipolipeleka. Chrispinus aliingia nyuma yao mbali, akapita upande wa wanaume na kuketi mwisho wa benchi, uso ameugeuzia dirishani asimtazame mama mkwe wake. Mkwe mwenye adabu. Walikuwa wameujenga tena ule ukuta wa haya kati yao, na mimi nikaachwa nje yake peke yangu na picha ya blanketi ambalo halipo.

Mzee Erastus, mwenyekiti wa wazee, alisimama. Ni mtu mpole, na siku ile upole wake ulinitisha kuliko ukali. Alieleza habari ya kitabu tangu mwanzo, akasema kanisa halifurahii kumtoa mtu wake. Mlangoni Sajini Kiprop alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Dada Jescah," Mzee Erastus akasema, "leo ndiyo leo. Una la kusema?"

Nilisimama. Niliitoa simu. Watu waliguna nyuma yangu. Nikamtazama Khalayi, alikuwa ameweka mkono tumboni bila kujua kwamba ameuweka, kama wanavyofanya, na ananitazama akiniombea nitoke salama. Katika kanisa lile lote, huyo ndiye pekee aliyekuwa upande wangu.

Hapo ndipo mimi Jescah, ambaye mdomo wangu haujawahi kushindwa kufunguka, nilishindwa. Niliirudisha simu mfukoni. Sikufanya hivyo kwa wema, msije mkanisifu. Hasira ilikuwa bado inanichemka. Nilijua tu kwamba nikisema mimi, Kukhu atakataa, na Khalayi atamwamini mama yake, na nitakuwa nimempoteza huyo mmoja pia.

"Mimi sina shahidi," nikasema. "Shahidi wangu ni Kukhu. Mniruhusu nimuulize mara moja, akijibu, nitamfuata Sajini bila kushikwa."

Mzee Erastus akakubali kwa kichwa. Nikamgeukia.

"Kukhu, siku ile ulikifungua, au hukukifungua?"

Kukhu alikuwa ametazama meza tupu. Khalayi alimwinamia akamwambia kitu sikioni, nadhani alimwambia ajibu tu, mama, sema ukweli yaishe. Kukhu akamshika shavu binti yake.

Akainuka.

Hakunijibu. Alianza kutembea, akishika migongo ya mabenchi, blanketi la kijivu likiburutika sakafuni. Alipita mbele ya Mzee Erastus bila kumtazama. Alipita mbele yangu, karibu kiasi cha kunigusa. Nilidhani anatafuta mlango. Lakini alikata kwenda upande wa wanaume, na wanaume walipoelewa anaelekea kwa nani walianza kuinamisha vichwa mmoja mmoja, kwa sababu hilo si jambo la kutazamwa.

Alisimama mbele ya Chrispinus, mkwe wake. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Mwanangu," akasema, na sauti ilifika mpaka madirishani. "Nisalimie."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba haya kati yao ilishaondolewa, wala kitu gani cha thamani kilitolewa. Nilisikia akina mama wakivuta pumzi kwa pamoja. Mzee Erastus aliketi ghafla. Na Khalayi, kule mbele, alikuwa amesimama, anamtazama mama yake, anamtazama mume wake, mkono bado uko tumboni, na niliona usoni mwake anaanza kuhesabu tangu lini.

"Mama, rudi ukae," Chrispinus akanong'ona. "Nakuomba."

Hakurudi. Akiushika mkono ule amekiri yote. Akiukataa amemwaibisha mama mkwe wake mbele ya kanisa zima, na ametuambia vilevile. Aliutazama. Alimtazama Khalayi. Kisha akamtazama Sajini Kiprop, ambaye alikuwa ameshavaa kofia yake na anakuja polepole katikati ya mabenchi.

Mkono wa Kukhu ulikuwa bado umenyooshwa, na hakuushusha.